Tormentor wa Budapest: kanda ya mwaka 1988 iliyoifikisha sauti ya Hungaria hadi Norwei

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Kila panapozungumzwa bleki metali, yaani ule muziki wa metali mkali wenye giza, mazungumzo huanzia Norwei na kuishia Norwei: makanisa ya mbao yaliyochomwa moto, mauaji ya mwaka 1993, nyuso zilizopakwa rangi nyeupe na nyeusi. Leo naomba tuanzie kwingine. Tuanzie Budapest, mji mkuu wa Hungaria, kwa bendi ya vijana wadogo iliyoitwa Tormentor, ambayo katika uhai wake wa kwanza haikutoa santuri hata moja, na ambayo hata hivyo sauti ya mwimbaji wake ndiyo inayosikika katika albamu ambayo wapenzi wengi wa muziki huu huitaja kuwa ndiyo kilele chake.

Kwanza tuielewe nchi yenyewe. Katika miaka ya 1980 Hungaria ilikuwa chini ya chama kimoja, na János Kádár alikuwa amekikalia kiti cha uongozi wa chama hicho tangu mwaka 1956. Ukilinganisha na majirani zake wa kambi ya Kisovieti, ilikuwa nchi yenye nafuu kidogo. Watu walipata bidhaa madukani, na wengine waliweza kusafiri. Lakini mambo ya sanaa yalikuwa na ungo wake. Siasa ya utamaduni ya enzi hiyo, inayohusishwa zaidi na jina la mwanasiasa wa chama György Aczél, Wahungaria waliifupisha kwa T tatu: támogatott, tűrt, tiltott, yaani yanayosaidiwa, yanayovumiliwa, na yaliyopigwa marufuku. Kwa maoni yangu, iliyowatesa wasanii zaidi ni hiyo T ya katikati, kwa sababu marufuku unaijua mipaka yake, ilhali kinachovumiliwa leo kinaweza kisivumiliwe kesho bila mtu yeyote kukuandikia barua ya kukueleza sababu.

Tusidhani basi kwamba muziki wa metali wenyewe ulikuwa haramu. Iron Maiden wa Uingereza walipiga Budapest mwaka 1984. Bendi ya Pokolgép, ambayo iliimba hevi metali kwa Kihungaria, ilipata kutoa albamu yake ya kwanza mwaka 1986. Kilichokuwa kigumu ni kuupata mlango, kwa kuwa kwa miongo mingi kampuni ya dola, ile inayojulikana kwa jina la Hungaroton, ndiyo iliyokuwa na mitambo, studio na uamuzi wa nani achapishiwe santuri na nani asichapishiwe. Bendi iliyopevuka, yenye mashairi ya Kihungaria ambayo afisa angeweza kuyasoma na kuyapima, iliweza kuvumiliwa. Vijana wa miaka kumi na kitu wanaopiga kelele kuhusu makaburi, jehanamu na damu, tena kwa Kiingereza cha kubahatisha, hawakuwa na T yoyote iliyowafaa.

Tormentor iliundwa katikati ya miaka hiyo ya 1980. Mwimbaji alikuwa Attila Csihar, aliyezaliwa mwaka 1971. Kwenye magita walikuwa Attila Szigeti na Tamás Buday, gita la besi alilishika György Farkas, na dramu Zsolt Machát. Mwaka 1987 walitoa demo, yaani kanda ya majaribio, waliyoiita Seventh Day of Doom, kali na ya haraka, bado inanuka thrashi ya Kijerumani, ile metali ya kasi. Mwaka uliofuata, 1988, wakarekodi kazi waliyoiita Anno Domini. Mwezi Mei wa mwaka huohuo Kádár aliondolewa kwenye uongozi wa chama, na mwaka 1989 utawala wote ule ukaporomoka; lakini kwa Tormentor mabadiliko hayo yalikuja yakiwa yamechelewa. Anno Domini haikutoka kama santuri. Ilitoka kama kanda, ikanakiliwa mkono kwa mkono, na hivyo ndivyo ilivyoishi kwa miaka saba.

Ninaleta uzi huu kwa sababu naamini kanda ile haikuwa zoezi la watoto. Ilikuwa albamu kamili. Ina mwanzo wa kinanda unaokuandaa, ina nyimbo zinazokimbia na nyingine zinazotembea, ina melodi za gita ambazo ukizisikia mara mbili hutazisahau, na juu ya yote ina mtu anayeimba kana kwamba anaigiza watu watano tofauti ndani ya wimbo mmoja: mara anakoroma, mara ananong'ona, mara anacheka, mara anavuta silabi kama anayesoma dua kwenye pango. Alikuwa na umri wa miaka 17 hivi.

Mchangiaji wa 1

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru. Naomba ufafanuzi kabla hatujaenda mbali. Nilikuwa nikijua kwamba Tormentor ni jina la zamani la Kreator, bendi ya Wajerumani wa Essen. Je, hao ni walewale, au majina yamegongana?

Mwanzisha uzi

Yamegongana, mkuu, na hujakosea kuuliza. Kreator walijiita Tormentor mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya kubadili jina, na katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1985, Endless Pain, mna wimbo wenye jina hilohilo. Neno lilikuwa hewani. Wahungaria ni bendi nyingine kabisa, ingawa athari ya Wajerumani kwao haijifichi, hasa kwenye demo ya 1987. Anno Domini ndipo wanapoanza kusikika kama wao wenyewe.

Mchangiaji wa 2

Naomba niongeze jambo kuhusu hizi kanda, maana vijana wa sasa huenda wasielewe maana ya maneno "ikanakiliwa mkono kwa mkono".

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kurekodia watu kanda dukani, kwa redio kaseti za milango miwili na baadaye kwa mashine kubwa kidogo. Kila nakala inayotolewa kwenye nakala hupoteza kitu. Mvumo wa kanda yenyewe unaongezeka, zile sauti nyembamba za juu, kama za matoazi, zinafifia, na mashine mbili zisipozunguka kwa kasi moja, hata sauti ya mwimbaji hupanda au kushuka kidogo. Ukifika nakala ya nne au ya tano, gita linageuka ukungu. Mwimbaji ndiye anayebaki mwisho, kwa sababu sauti ya mwanadamu imekaa katikati, mahali ambapo kanda ya kawaida hushika vizuri.

Kwa hiyo mtu aliyepokea Anno Domini huko Norwei, ikiwa imepita kwenye mikono mitatu au minne, huenda hakuisikia kama ilivyotoka studio. Aliipokea ikiwa na giza zaidi. Nadhani jambo hili lina uzito katika hoja yako kuliko ulivyolieleza, kwa sababu bleki metali ya Norwei baadaye ilikuja kuupenda ukungu huo kwa makusudi, ikautafuta hata pale ambapo studio nzuri ilikuwepo.

Mwanzisha uzi

Mkuu, hili ulilolileta ni la thamani kubwa, na kweli nililipita haraka. Niongezee na upande wa posta. Ule mtandao wa kubadilishana kanda ulikuwa wa barua. Mtu wa Brazili alipata anwani ya mtu wa Uswidi mwishoni mwa kijarida cha mashabiki kilichotolewa kwa mashine ya fotokopi. Akamwandikia, akafungasha kanda moja, akaambatanisha orodha ya kanda nyingine alizonazo, akasubiri wiki au miezi. Stempu zilikuwa ghali kwa vijana wasio na kazi, kwa hiyo wengi walizipaka gundi au sabuni juu, ili muhuri wa posta uoshwe na stempu itumike tena, na barua zao zilimalizika kwa ombi la kurudishiwa stempu hizo. Ndani ya bahasha kama hizo Tormentor walitoka Hungaria. Hapakuwa na kampuni, hapakuwa na wakala, hapakuwa na tangazo. Palikuwa na vijana waliosikia kitu na kuona vibaya kukikalia peke yao.

Mmoja wa waliokuwa katikati ya mtandao huo upande wa Norwei alikuwa Øystein Aarseth, aliyejiita Euronymous, mpiga gita wa bendi ya Mayhem, ambaye mwaka 1991 alifungua duka la muziki mjini Oslo lililoitwa Helvete na aliyekuwa na kampuni yake ndogo ya Deathlike Silence Productions. Mwaka huohuo, tarehe 8 Aprili, mwimbaji wa Mayhem, Mswidi Per Yngve Ohlin, aliyejiita Dead, alijiua. Aliacha mashairi na nyimbo ambazo alikuwa ameziimba jukwaani bila kuzirekodi katika albamu. Euronymous alipotafuta mtu wa kuziimba, hakuchukua kijana wa Oslo wala wa Bergen, ambako vijana wa kupiga kelele walikuwa tele. Alimwandikia Attila Csihar, ambaye wakati huo Tormentor ilikuwa imeshavunjika na yeye ameingia katika muziki wa mitambo ya elektroniki na kundi la Plasma Pool. Mwaka 1993 Csihar alisafiri hadi Bergen, akaingia katika ukumbi wa Grieghallen, unaoitwa kwa jina la mtunzi Edvard Grieg, na chini ya usimamizi wa fundi Eirik Hundvin akarekodi sauti za De Mysteriis Dom Sathanas, albamu ya Mayhem, ileile niliyoigusia mwanzoni.

Mchangiaji wa 3

Naandika kwa heshima, lakini nitasema ninavyoona. Mimi ni mtu wa dini, na katika maelezo yote haya nasikia makaburi, damu, jehanamu na shetani. Isitoshe, kama historia niliyosoma ni sahihi, albamu hiyo ya Mayhem ina mpiga gita aliyeuawa na mpiga besi aliyemuua, wakipiga pamoja. Kuna faida gani ya kuwafundisha vijana wetu habari za watu wa namna hiyo, na kuwasifu?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako ni halali na sitalikwepa. Uliyoyasoma ni kweli. Euronymous aliuawa tarehe 10 Agosti 1993 na Varg Vikernes, ambaye alipiga gita la besi katika albamu hiyohiyo, na mwaka 1994 Vikernes alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Albamu ilitoka mwaka 1994, mwenye kampuni akiwa kaburini. Hakuna anayestahili kuyaeleza hayo kwa sauti ya kujisifu, na mimi huwa nasononeka nikiona mashabiki wakiyafanya mapambo.

Sababu mojawapo ya kuwaleta Tormentor mbele ni hiyohiyo. Hawa hawakuchoma kanisa wala kumwaga damu ya mtu. Waliishi katika nchi ambayo dola yenyewe ndiyo iliyokuwa imelibana kanisa kwa miongo kadhaa. Kwa kijana wa Budapest wa mwaka 1988, mzee wa chama alikuwa mzito kuliko padri. Giza lao lilitoka kwenye sinema za kutisha, kwenye kanda za bendi za Magharibi, na kwenye historia ya nchi yao wenyewe. Sikuombi ulipende. Naomba tu tusiwahesabie makosa ya watu wengine.

Na kuhusu historia ya nchi yao, hapa naomba mnivumilie, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Wimbo unaojulikana zaidi wa Tormentor una jina la Elizabeth Báthory. Huyu alikuwa mwanamke wa ukoo mkubwa wa Hungaria, aliyezaliwa mwaka 1560. Mwishoni mwa mwaka 1610 alikamatwa kwa amri ya György Thurzó, aliyekuwa na cheo cha juu kabisa chini ya mfalme, kwa tuhuma za kuwatesa na kuwaua wasichana waliomtumikia. Watumishi wake walihukumiwa na kuuawa mwaka 1611. Yeye mwenyewe, kwa heshima ya ukoo wake, hakupandishwa kizimbani. Alifungiwa katika ngome yake ya Csejte, ambayo leo iko Slovakia na kuitwa Čachtice, akafia humo mwaka 1614. Hadithi ya kwamba alikuwa akioga damu ili abaki kijana haimo katika ushahidi uliotolewa wakati ule. Iliandikwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake. Wapo wanahistoria wanaouliza pia kama kesi yote haikuchochewa na tamaa ya mali na madeni ambayo mfalme alidaiwa na familia yake.

Sasa angalieni safari ya jina hilo katika muziki. Mwaka 1982 Venom, Waingereza wa Newcastle, waliimba juu yake. Mwaka 1983 kijana mmoja wa Stockholm aliunda bendi na kuiita Bathory kabisa. Kwao alikuwa jina la kutisha kutoka mbali, kama jini wa kisima cha kijiji cha watu wengine. Wahungaria walipoimba wimbo wao walikuwa wanamrudisha nyumbani. Alikuwa mtu wa vitabu vyao vya historia, mwenye ndugu na jamaa waliowahi kuitawala Transilvania. Na huo wimbo haukimbii. Unakwenda kwa mwendo wa wastani, na kipande kimoja cha gita kinachojirudia hadi kikuzunguke, na Csihar anausimulia zaidi ya kuuimba. Mtu aliyezoea bibi anayesimulia usiku taa ikiwa imepunguzwa atajua anachokifanya: sauti inashuka pale ambapo msikilizaji anatarajia ipande.

Pamoja na wimbo huo upo mwingine unaoitwa Transylvania. Wahungaria huiita Erdély, na ni sehemu ambayo iliondolewa katika nchi yao na kupewa Romania kwa mkataba wa Trianon wa mwaka 1920. Kwa msikilizaji wa Oslo au London, Transilvania ni mahali pa Dracula. Kwa Mhungaria ni mahali ambapo huenda babu yake alizaliwa. Sisemi kwamba vijana wale walikuwa wakiimba siasa, sidhani. Nasema neno moja lina uzito tofauti kulingana na mdomo unaolitamka.

Mchangiaji wa 4

Mwanzisha uzi ameandika vizuri, lakini naona anaelekea kuzidisha chumvi, na naomba nimpinge kwa hoja.

Kwanza, suala la utangulizi. Venom walitoa albamu ya Black Metal mwaka 1982. Bathory walitoa ya kwanza mwaka 1984. Huko Uswisi walikuwepo Hellhammer, kisha Celtic Frost. Huko Belo Horizonte nchini Brazili, Sarcófago walitoa I.N.R.I. mwaka 1987, na Mayhem wenyewe walitoa Deathcrush mwaka huohuo. Anno Domini ni ya 1988. Huyo ni wa katikati ya foleni, na hatuwezi kumwita mwanzilishi.

Pili, suala la sauti. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba nyimbo za De Mysteriis zilikuwa za Dead. Ukisikiliza alivyoziimba jukwaani Leipzig, Ujerumani, mwezi Novemba 1990, utasikia mtu anayeyaishi maneno yake. Attila alipokuja nazo akazifanya kama tenzi za kanisani zilizopinduliwa. Wengi walipoisikia albamu mara ya kwanza hawakuipenda sauti hiyo, na mimi hadi leo nikiisikia naona kama kuna mgeni sebuleni.

Mwanzisha uzi

Mkuu, nakubali la kwanza bila ubishi, na pengine nilipaswa kulisema mwanzoni. Tormentor hawakuanzisha bleki metali. Sikutaka kuhamisha kombe kutoka Norwei kulipeleka Hungaria, kwa kuwa muziki huu ulizaliwa mahali pengi kwa wakati mmoja, kila mahali na vijana watano au sita wasiojuana na wenzao. Foleni uliyoitaja ni sahihi. Hata hivyo katika foleni hiyo kuna kitu ambacho Tormentor wanacho na wengi wa waliowatangulia hawana, nacho ni melodi inayobeba wimbo mzima bila kupunguza ukali wake. Hellhammer ni zito kama jiwe. Sarcófago ni tufani. Anno Domini unaweza kuitoa sauti ya mwimbaji, ukapiga mluzi wa gita peke yake, na wimbo ukasimama. Waswidi waliusikia ubora huo: mwaka 1996 Dissection waliurudia wimbo wa Báthory katika toleo lao la Where Dead Angels Lie, na ukiusikia bila kuambiwa unaweza kudhani ni wimbo wao wenyewe, kwa jinsi unavyokaa katika namna yao ya kutunga.

La pili siwezi kulikubali, ingawa nalielewa. Umesema mgeni sebuleni. Mimi nasema ndiyo, na huyo mgeni ndiye aliyeifanya albamu ile isizeeke. Koo zote nyingine za Norwei ya wakati ule zilikuwa zikielekea kwenye mlio mmoja wa juu, mkali, usio na maneno. Zilikuwa nzuri, lakini zilifanana. Csihar alileta kitu ambacho hakikuwa katika mkoba wa Wanorwei: anatamka. Kila konsonanti ina mwili. Kihungaria huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya kila neno, kama sisi tunavyouweka kwenye ya pili kutoka mwisho, na hata anapoimba kwa lugha ya kigeni sikio langu linausikia ule uzito ukiangukia mwanzoni mwa neno, kisha neno likiburutwa kama mlango wa chuma. Hayo yote yamo katika Anno Domini tayari, miaka mitano kabla ya Bergen. Aliyempigia Euronymous kanda hiyo, au Euronymous mwenyewe alipoipiga, alijua anachokitafuta.

Na kuna jambo dogo ambalo kila nikilikumbuka huniacha kimya. Wimbo wa kwanza wa De Mysteriis, Funeral Fog, ambao maneno yake ni ya Dead, unazungumzia ukungu unaotoka makaburini katikati ya Transilvania. Mswidi aliyeota mahali hapo aliandika maneno hayo, akafa kabla ya kuyarekodi, na yakaja kuimbwa na Mhungaria ambaye alikuwa ameshaimba wimbo wa Transilvania akiwa bado mtoto wa miaka 17.

Mchangiaji wa 1

Hilo la Funeral Fog sikulijua. Swali langu la mwisho ni hili: baada ya hapo ilikuwaje? Je, Anno Domini iliwahi kutoka rasmi, au hadi leo ni ya kanda tu? Na bendi yenyewe ikoje?

Mwanzisha uzi

Ilitoka, mkuu, mwaka 1995, kupitia Nocturnal Art Productions, kampuni ya Samoth, mpiga gita wa bendi ya Emperor ya Norwei. Yaani Mnorwei ndiye aliyeichapisha kazi ambayo Hungaria, nchi ilikozaliwa, haikuipa nafasi, baada ya utawala uliokuwa ukizuia kuwa umeshaondoka kwa miaka mingi. Tangu hapo imechapishwa tena mara kadhaa, na kuipata leo si kazi.

Mwaka 2000 walitoa albamu nyingine, Recipe Ferrum!, ambayo naipita haraka kwa sababu ni jambo la aina nyingine, la majaribio na michanganyiko, na aliyeipenda Anno Domini huenda asiipende. Csihar mwenyewe aliendelea kutembea. Aliimba na Aborym wa Italia, alishirikiana na Sunn O))) wa Marekani, ambao muziki wao ni wa pole kiasi kwamba noti moja inaweza kukaa dakika nzima, na humo sauti yake ya koo, ile ya chini kabisa inayotetemeka kama ngoma ya ngozi iliyolowa, ilipata nafasi ambayo hakuna bendi ya haraka ingeweza kumpa. Mwaka 2004 alirudi Mayhem na hajaondoka. Albamu ya Ordo Ad Chao ya mwaka 2007, ambayo yeye ndiye mwimbaji, ilipata tuzo ya Spellemann, tuzo kubwa ya muziki ya Norwei. Tormentor nao wamerudi jukwaani katika miaka ya karibuni, na watu waliokuwa hawajazaliwa mwaka 1988 wanaimba nao.

Kwa anayetaka kusikiliza, ushauri wangu ni huu. Asianze na De Mysteriis. Aanze na Anno Domini kuanzia kile kinanda cha mwanzo, asiruke, aufike wimbo wa Báthory akiwa ameshachoka kidogo na kasi ya zile za kabla yake, ndipo ataelewa kwa nini wimbo ule ulipunguza mwendo. Kisha asikilize toleo la Dissection. Kisha ndipo aende Bergen.

Mchangiaji wa 2

Na kama mtu ana nakala ya kanda, asiitupe kwa sababu amepata faili safi. Hizo ni sauti mbili tofauti.

Mchangiaji wa 4

Nimerudi. Jana usiku nilifuata mpangilio wako, ndugu mwanzisha uzi, kwa sababu nilitaka kukupinga nikiwa na ushahidi. Nilianza Anno Domini saa nne, nikaisikiliza yote, nikarudia wimbo wa Báthory mara mbili. Halafu nikaweka Funeral Fog.

Bado nampenda zaidi Dead wa Leipzig, na sidhani kama nitabadilika. Lakini pale Attila alipofika kwenye neno Transilvania nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikalisikiliza tena. Analitamka kama mtu anayetaja wilaya ya kwao.